Alama Nyekundu kwenye Puli

Mzee Galgalo alizikwa Alhamisi kabla ya adhuhuri, na habari ilinikuta nikikanda unga. Sikulia. Nilimaliza kukanda kwa mkono wa kushoto, nikaosha sufuria, nikafunga banda, nikatembea mpaka kwake, mtaa wa Wabera. Naandika haya kwa sababu watu wanaojua mambo ya ile gereji wamebaki wachache, na mmoja wao anaitwa Kirimi, na Kirimi bado anaongea. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo nitaweka mambo vile yalivyokuwa, bila kuyapaka mafuta. Wenye makosa ni watatu. Wa kwanza ni huyo Kirimi, mwenye gereji. Wa pili ni Hassan, dereva wa pikapu ya Merti. Wa tatu nitamtaja nikimfikia.

Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Mambo ya kwetu nyumbani nayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba mtaa wa Chechelesi, ukuta wa udongo, mabati juu, dirisha lenye ukubwa wa sahani. Kila asubuhi nilifungua banda langu la chai ndani ya ploti ya Kirimi, kando ya lango. Benchi ya wateja ilikuwa kiti cha nyuma cha gari ambalo lilikufa kabla mimi sijafika, na springi zake zilimchoma kila mtu mahali pale pale. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, ile inayobaki na harufu ya moshi wa kibuyu, na anjera, ile chapati laini ya unga uliochachuka, kwa wanaotaka. Mchana ni chapati na maharagwe. Siku dereva akitoka Merti na nyirinyiri, ile nyama inayokaushwa ikakaangwa na kuwekwa ndani ya mafuta, kazi ilisimama. Mafundi walikuja na mikono myeusi wakila kwa vijiko vyangu, na maneno yakaanza. "Fundi, gari yangu inakohoa." "Itakosa kukohoa aje na wewe unaivutisha mafuta ya taa?" "Mafuta ya taa? Mimi ni Mwislamu, bwana." "Basi imeingia ikiwa imevaa kanzu." Sasa nikikumbuka yale maneno naona yalikuwa ya kawaida tu, lakini wakati ule nilifikiri hakuna mahali duniani watu wana akili kama pale.

Nyuma ya banda kulikuwa na stoo. Chumba cha mawe kisicho na dirisha, rafu za mbao, plagi za zamani zimejaa kwenye mikebe ya maziwa ya unga, fenibelti zimening'inia kama nyoka waliokauka. Mzee Galgalo alikuwa akila humo peke yake, amekaa juu ya gurudumu, mlango wazi. Alikuwa fundi mkubwa wa injini za petroli pale. Kusoma hakujua hata jina lake, lakini madereva walimngoja siku mbili, tatu, wakikataa kushikiwa gari na mwingine. Kirimi alikuwa na karatasi ya chuo, imewekwa kwenye fremu ukutani juu ya meza yake. Hakuna dereva aliyewahi kuingoja hiyo karatasi, na Kirimi alikuwa anajua.

Siku ya kwanza Mzee kuniita nilifikiri anataka chai. "Intala," alisema. Hivyo ndivyo Waborana humwita msichana. "Leta kidole."

"Kidole ya nini, Mzee?"

"Yangu imekufa. Leta yako, ile kubwa."

Asidi ya betri ilikuwa imemla vidole gumba vyote viwili miaka mingi nyuma, na ngozi ikawa ngumu kama kisigino. Angeweza kuinua sufuria kutoka motoni bila kitambaa. Lakini kazi aliyokuwa nayo ilitaka kidole kinachosikia. Injini ya silinda nne, pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja na kushuka pamoja, kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Zikifika juu, moja imebana pumzi tayari kwa moto, na nyingine inatupa moshi tu. Ukiiangalia kwa macho huwezi kujua ni ipi. Unatoa plagi, unaweka kidole gumba juu ya tundu la kwanza, mtu anazungusha injini polepole kwa hendeli ya mbele, na pumzi ikija kukisukuma kidole mpaka kinatoka chenyewe, unajua hiyo ndiyo safari ya kweli. Safari ile nyingine kidole kinakaa tu, hakuna anayekisukuma.

"Inasukuma?" Mzee aliuliza, yuko mbele na hendeli.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado. Ngoja. Ai! Imenitema."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Kirimi alitoka ofisini kuangalia ni nini. "Mzee," akasema, "sasa gereji yangu inaendeshwa na kidole ya mama chai?"

"Kidole haina mama," Mzee akamjibu bila kuinua kichwa. "Inasikia ama haisikii."

Baada ya hapo aliniita kila mara. Kidole kilikuwa mwanzo tu. Kidole kinakuambia ni safari gani, hakikuambii juu kabisa ni wapi, pale pistoni inapofika mwisho kabla haijaanza kushuka. Mafundi walipaita topu. Ukikosa topu, moto unakuja mapema au unachelewa, na gari haina nguvu, au inakuwa hatari. Puli ya mbele ya injini, lile gurudumu dogo la chuma linalovuta fenibelti, huwa na alama ya kukatwa na kiwanda, na kwenye injini kuna ncha ya chuma. Alama ikikutana na ncha, hapo ndipo topu. Lakini magari yaliyokuja kwetu yalikuwa yameishi maisha mengi. Puli ya hili ilitoka kwa lile, krenki ya lile ilitoka kwa gari lililoanguka mtoni. Mzee hakuiamini alama yoyote ambayo hakuiona ikizaliwa.

Yeye alitumia spoki ya baiskeli. Katika injini zile plagi zilikaa wima juu ya pistoni, kwa hivyo spoki ilisimama vizuri ndani ya tundu, ikipanda pistoni ikipanda. Nilipopewa niishike mara ya kwanza, nilizungusha mpaka nikaona imeacha kupanda, nikasema, "Hapa ndipo juu." Mzee akashika hendeli, akasogeza kidogo, spoki haikutingishika. Akasogeza tena, bado. "Na hapa je?" akauliza. "Na hapa?" "Pistoni ikifika juu haina haraka," akasema. "Inakaa kidogo, inapumzika. Ukitafuta juu ukiwa juu utajidanganya. Itafute ikipanda, itafute ikishuka, halafu kata katikati." Spoki ilikuwa imechongwa kikato kwa tupa. Pistoni ikipanda mpaka kikato kiwe sawa na mdomo wa tundu, unachora mstari kwenye puli penye ncha. Unaendelea mbele, usirudi nyuma hata kidogo, inapita juu, inaanza kushuka, na kikato kikiwa sawa tena na mdomo wa tundu unachora mstari wa pili. Uzi unalazwa kwenye puli kutoka mstari hadi mstari, unakatwa, unakunjwa katikati. Ukirudishwa kwenye puli, pale ulipokunjika ndipo topu. Uzi ulikuwa wa leso yangu. Chaki ilifutika na mafuta, rangi ya mlango hatukuwa nayo, kwa hivyo nilileta chupa yangu ya rangi ya kucha, nyekundu, niliyonunua kwa ajili ya Krismasi. Mzee aliinusa, akakunja uso, akasema, "Hii itakaa."

Mwezi wa pili wa mambo hayo aliniambia, nikiwa nakusanya vikombe pale stoo: "Ukipata topu ya gari tatu bila mimi kukuonyesha, nitaenda kwa Kirimi akuandike fundi." Nilimwuliza kama Kirimi atakubali. Akasema Kirimi hana njia, madereva wako upande wetu. Sikulala vizuri wiki hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuahidiwa kitu hajui ahadi inavyochukua nafasi kubwa ndani ya chumba kidogo. Niliacha kujiita mama chai moyoni, hata kabla ya gari la kwanza. Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu, likakubali. La pili la misheni, likakubali. La tatu lilikuwa pikapu ya Hassan.

Hassan alikuwa mtu wa maneno matamu na haraka nyingi. Pikapu yake ilikwenda Merti na unga na sukari, ikarudi na mbuzi. Stata ilikuwa imekufa, akawa anaiwasha kwa hendeli, na puli ya mbele ilikuwa imepasuka. Kirimi mwenyewe akaenda kuitoa nyingine kwenye mifupa ya magari nyuma ya gereji na kuifunga. Ilikaa sawa. Lakini alama yake ilikuwa imekatwa mahali pengine, kwa injini nyingine. Nilipomaliza na spoki na uzi, rangi yangu nyekundu ilikaa upana wa kidole kizima kutoka alama ya kiwanda. Nilimwita Mzee nikiogopa. Alipiga magoti, akaangalia uzi, akaangalia puli. "Ni wewe uko sawa," akasema. "Hiyo ingine ni ya mwenyewe aliyekufa." Akaweka distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, kwa kufuata rangi yangu, akakaza bolti kwa mkono wake, akaosha miguu na uso kwenye mfereji. Ilikuwa Ijumaa. "Nikirudi msikitini tutapiga hendeli," akasema. "Msiguse."

Hassan hakwenda kuswali. Alisema msafiri ana ruhusa. Alizunguka gari lake akila chapati yangu, akainama mbele, akaiona ile rangi. "Subhanallah! Kirimi, njoo uone! Gari yangu inaolewa?" Watu wawili watatu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. "Merti wataniuliza mahari ni ngamia ngapi!" Wakacheka zaidi. Kirimi alitoka. Naukumbuka uso wake, haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta. Akaangalia rangi, akaangalia alama ya kiwanda.

"Nani amefanya hii upuzi?"

"Ni mimi," nikasema. "Mzee ameangalia."

"Mzee hajui kusoma. Na wewe hujui kusoma. Kiwanda ilikata hii alama na mashine, nyinyi mnakuja na kutengeneza kucha?" Akachovya kitambaa kwenye petroli, akafuta. Alifuta vizuri, kama mtu anayempangusa mtoto pua. Halafu akalegeza distributa, akaipeleka mpaka ikafuata alama ya zamani, akakaza. Hassan alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, chapati mkononi. Aliona yote. Mimi pia niliona yote. Nilijua upana wa kidole ni kitu gani. Nilijua moto sasa utakuja pistoni ikiwa bado njiani kupanda.

"Haya, fundi," Kirimi akaniambia, akinyoosha hendeli. "Si ndio unataka kuwa fundi? Washa."

Kuna namna ya kushika hendeli ambayo kila mtu pale alijua. Kidole gumba kinakaa upande mmoja na vingine, hakizunguki chuma, ili injini ikirusha teke hendeli itoke mkononi yenyewe. Mzee alinionyesha siku ya kwanza kabisa. Lakini nilikuwa na hasira na watu walikuwa wanatazama, nikashika kama mtu anayeshika rungu, kidole kimezunguka. Nikavuta juu. Injini ikakataa, ikarudi nyuma kwa nguvu yake yote. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia sauti kama kuni kavu, na nikaona mkono wangu wa kulia umeangalia upande ambao mikono haiangalii.

Mzee alipoingia langoni, kofia bado kichwani, mimi nilikuwa chini, mgongo kwenye gurudumu. Kirimi alimkuta njiani. "Mzee, angalia kazi yako. Umefunga moto mapema, umevunja mtoto wa watu." Mzee akaenda kwenye puli, akainama. "Rangi iko wapi?" Kirimi akasema oili inavuja mbele, imeosha hiyo rangi yenu. Mzee akamgeukia Hassan. Hassan akasema, "Mimi nilikuwa nakula, sikuona kitu." Halafu Mzee akanigeukia mimi. Hakuuliza kwa mdomo. Alisimama tu akingoja. Nikaangalia mkono wangu.

Mzee ndiye aliyenipeleka hospitali, kwenye gari la mtu, akinishikilia kiwiko njia nzima. Tuliporudi kuchukua vitu vyangu pikapu ilikuwa imeshaondoka kwenda Merti. Kirimi alikuwa ameirekebisha kwa kusikiliza, akirudisha distributa kidogo kidogo mpaka injini ikatulia, nusu saa tu. Mtu wa benchi aliniambia baadaye. Kwa hivyo Mzee hakupata nafasi ya kuweka spoki tena na kupima. Jioni ile ile aliweka spana za gereji mezani kwa Kirimi, moja moja, akaondoka. Kesho yake Kirimi alikuja chumbani kwangu na mkate na maziwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia humo, ikabidi ainame. Akasema pole. Akasema banda langu liko pale pale, hakuna mtu atalihamisha akiwa yeye hai, lakini maneno ya gereji yabaki gereji. Nikamwambia asante.

Basi huyo aliyesema asante ndiye wa tatu. Anaitwa Akiru, ni mimi. Plasta niliitoa kabla ya siku zake ili nikande chapati, na mfupa ukashika vibaya, na kidole gumba kikabaki kama cha Mzee, hakisikii. Kwa hilo simlaumu mtu. Nawalaumu Kirimi na Hassan kwa siku moja. Mimi siku yangu haikuisha.

Mzee hakugusa injini tena. Alipata kivuli karibu na msikiti Wabera, akawa ananyoosha magurudumu ya baiskeli. Alikaa katikati ya spoki miaka yote iliyobaki. Na kila Idd, bila kukosa, binti yake Halima alitumwa kwangu, kwanza akiwa mtoto wa kushikwa mkono, halafu msichana, halafu mama mwenye watoto, amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia na nyama kwenye sahani iliyofunikwa. "Baba anasema ni haki yako, kwa ajili ya ule mkono." Nilipokea. Niliosha kibuyu nikarudisha. Nilipokea kwa zaidi ya miaka thelathini. Mara moja tu Mzee aliniuliza. Nilikuwa nimepita na mzigo wa kuni, akaniita, akasogeza kiti. "Intala, ile siku. Uzi ulikunja vizuri?"

"Niliukunja vizuri, Mzee."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Gurudumu lilikuwa linazunguka mbele yake, akalisimamisha kwa kile kidole chake kilichokufa. "Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi nilikaza vibaya." Nikasema jua limekuwa kali, nikaenda zangu.

Kwenye tanzia wanawake walikuwa ndani na wanaume chini ya turubai, na sisi tuliokuwa watu wa gereji tukawekewa viti kando, karibu na mlango wa jikoni. Kirimi alikuwa hapo na fimbo, amenenepa. Hassan alikuwa hapo, ndevu nyeupe, jicho moja lina ukungu. Halima akatoka, akatusalimu, akaweka kibuyu mbele yangu. Haikuwa Idd. "Baba ameacha usia," akasema. "Maziwa ya Mama Akiru yasikatike hata yeye akiwa hayuko." Wazee walio karibu wakaangalia mkono wangu, wakaguna kwa heshima. Kirimi akasafisha koo. "Mzee alikuwa fundi," akasema. "Kusema ukweli, alikosea siku moja tu. Na alikubali kosa, kama mwanamume."

Sijui ni nini kilifanya siku hiyo iwe tofauti. Nimetafuta na sikupata. Nilisema tu, sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chai: "Hakukosea. Alama ilikuwa sawa. Kirimi aliifuta na petroli, akageuza distributa mwenyewe, Mzee akiwa msikitini. Mimi niliona."

Halima akauliza, "Alama gani?" Nikamweleza, kutoka kidole mpaka uzi mpaka hendeli. Haikuchukua muda. Jambo lote lingemalizwa na maneno machache hivyo tangu ile Ijumaa.

"Huyu mama amezeeka," Kirimi akasema, akitafuta macho ya watu. "Hakukuwa na alama yoyote. Hassan, si ulikuwa hapo? Waambie."

Hassan alikuwa ameinamia kikombe chake. "Ilikuwa nyekundu," akasema.

Mtu mmoja chini ya turubai alikuwa anasoma dua na akaendelea kusoma. Halima alibaki amesimama akiniangalia, na niliona anahesabu, si makosa ya Kirimi, si ya Hassan. Alikuwa anahesabu Idd. Barabara yote ile kutoka Wabera mpaka kwangu, akiwa mtoto, akiwa na mimba, wakati wa mvua. Halafu akainama, akachukua kibuyu kutoka mbele yangu kwa mikono miwili ili kisimwagike, akakirudisha ndani.